Kisogo cha Verlene Askew

Kwa miaka thelathini na minne Verlene Askew alikuwa jaji, na sheria hakuisomea hata siku moja. Alihukumu wezi wa magari, waume waliowaua wake zao, mameya waliokula fedha za mji, na safari moja alimhukumu mbwa. Mara kumi na tisa alikuwa jaji, kwenye filamu na tamthilia za televisheni, na pale ambapo hakuwa jaji alikuwa muuguzi, au mke wa mchungaji, au jirani anayechungulia dirishani polisi wakifika. Joho la ujaji alilinunua mwenyewe, kwa sababu majoho ya studio yalishonewa wanaume na yaliburuzika miguuni pake. Lilining'inia nyuma ya mlango wa chumba chao huko Inglewood, na mumewe Lucius, msambaza barua mstaafu, alilipigia saluti kila alipopita kwenda kuoga.

Jambo moja tu Lucius hakulifanyia mzaha. Katika kazi zote hizo, kamera ilimpiga mkewe picha za kisogo kuliko za uso. Ukiwa mwigizaji mdogo unayezungumza na mwigizaji mkubwa, kamera husimama nyuma ya bega lako ikamtazama yeye. Wewe unabaki kuwa bega, nywele, na sikio moja lenye hereni. Marekani nzima ilikifahamu kisogo cha Verlene bila kujua ni cha nani. Tena katika majaji wale kumi na tisa hakuna aliyepewa jina. Majina yalipopanda mwisho wa filamu, yeye aliandikwa "Jaji," au "Jaji wa Pili," utadhani huko Beaumont, Texas, alizaliwa bila mama wa kumpa jina.

Kufundisha alianza kwa hasira, akiwa na miaka arobaini na saba. Siku hiyo mwongozaji mmoja kijana, aliyevaa kofia ndani ya nyumba, alimwambia fundi wa taa kwamba uso wa yule mama unameza mwanga mno, kwa hiyo wamsogeze kivulini tu, haina shida. Verlene alisema maneno yake mawili ya siku hiyo, akavua joho, akaingia kwenye gari lake, akaenda moja kwa moja hadi chuo cha umma cha miaka miwili kilichokuwa karibu na kwao. Akauliza ni nani anayefundisha utengenezaji wa filamu pale. Wakamwambia hakuna.

"Basi mmempata," alisema, akavuta kiti.

Hakufundisha uigizaji. Alifundisha kazi yenyewe: kushika kamera, kuandika muswada, kurekodi ukimya wa chumba, wa kuzibia mapengo ya sauti, kabla watu hawajatoka, na kumulika uso mweusi mpaka ung'ae kwa weusi wake badala ya kuonekana kama sufuria iliyoungua. Waliokuja darasani kwake siku za Jumamosi walikuwa madereva wa mabasi, wasaidizi wa hospitali, watu waliotoka jela wakitafuta pa kuanzia, na mabinti waliomaliza sekondari bila kujua wanataka nini. Wote walimwita Jaji. Siku ya kwanza ya kila muhula aliwasimamisha ukutani akawapa sheria yake.

"Sheria ni moja. Mwenzako akipigwa picha ya karibu, na wewe hupigwi, unakaa pale pembeni ya kamera unampa maneno ya upande wako. Unampa kwa moyo wako wote, kama vile unapigwa wewe. Huondoki. Huchezei simu. Hunywi soda. Ukiondoka, Jumamosi ijayo usijisumbue."

Na aliwafukuza kweli. Tavita Leota, Msamoa wa kule Carson aliyekuwa akiendesha mashine ya kunyanyulia makontena bandarini, alifukuzwa mara mbili na mara zote mbili akarudi. Leo Tavita ni msaidizi wa kamera anayetafutwa na watu. Ndiye anayebandika tepu sakafuni ili mwigizaji ajue pa kusimama, na ndiye anayegonga kibao kabla ya picha kuanza. Ana miaka thelathini na mitano, mabega ya mcheza raga, na mtu akimsema Verlene vibaya mbele yake atajuta.

Verlene alikuwa na miaka sitini na miwili wakala wake, Paulette, alipompigia simu.

"Umepata. Kaa chini kwanza."

"Jaji?"

"Siyo jaji. Ana jina."

"Jina gani?"

"Ernestine Poole."

Verlene alikaa chini. Alilirudia lile jina mara tatu na simu ikiwa sikioni, na Paulette, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno, alimwacha. Ernestine Poole alikuwa mjane anayekataa kuuza nyumba yake. Mkwe wake, mume wa binti yake, anamletea karatasi atie saini, wanakaa kwenye meza ya jikoni, wanazozana. Kurasa nne, watu wawili tu. Mkwe angekuwa Brant Hollis, ambaye uso wake wakati ule ulikuwa umebandikwa kwenye mabasi ya mji mzima.

Alifanya mazoezi na Lucius wiki tatu. Lucius alimwigiza mkwe vibaya kupita kiasi, mwiko mkononi, akikoroga gumbo, mchuzi wao mzito wa bamia.

"Mama, nyumba hii imezeeka, tia saini," alisema Lucius. "Na pilipili imetosha?"

"Pilipili haimo kwenye muswada."

"Ungekuwa muswada wangu ingekuwemo." Akaweka mwiko chini. "Sikiliza, Mheshimiwa. Wataanza na yule kijana, unajua wewe. Kila siku wanaanza na mkubwa. Usimmwagie kila kitu. Jiwekee."

"Mimi siyo benki, Lucius."

"Sijasema wewe ni benki. Nasema una miaka sitini na miwili, na machozi yako siyo bomba la manispaa, ukifungua tu yanatoka."

"Miaka kumi na tano nawaambia watoto wa watu watoe kila kitu. Leo mimi niende nikabane?"

"Watoto wa watu hawana kurasa nne na Brant Hollis."

Aliyosema Lucius ndiyo wanayosema waigizaji wote wa Los Angeles wenye akili timamu, na Verlene alijua hivyo. Yeye aliuona ni ubahili. Alivaa viatu akaenda kazini.

Jiko la Ernestine lilijengwa ndani ya ghala moja kule Sun Valley. Lilikuwa na kuta tatu, jiko lisilowaka, na dirisha lililofunguka kwenye picha ya mti. Watu hamsini walikuwepo. Kwanza walipiga picha ya upana, wote wawili mezani, mara nne. Baadaye Gil Sarkissian, msaidizi wa mwongozaji, yule anayeshika saa na kupigia watu kelele ili mwongozaji aonekane mpole, akatangaza: "Tunaanza na Brant. Tukimaliza tunageuza kamera, tunamalizia na Verlene." Hakuna aliyeshangaa. Ndivyo inavyofanywa.

Verlene aliketi kwenye kigoda pembeni ya kamera, kichwa chake karibu kigusane na lenzi, ili Brant akimtazama yeye aonekane anatazama mahali panapofaa. Kijana hakuwa mtu mbaya. Alisalimia watu kwa majina yao na alimletea Verlene kigoda hicho kwa mkono wake mwenyewe, jambo lililomuudhi kidogo, maana kumchukia kungekuwa rahisi zaidi. Lakini mbele ya kamera alikuwa amekauka. Mara ya kwanza alisema maneno yake kama anayesoma orodha ya vyakula hotelini. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Maren Oakes, mwongozaji, alitoka nyuma ya skrini yake, akamnong'oneza Brant sikioni, akarudi mahali pake akijiuma kucha.

Mara ya nne Verlene alifungua kila kitu. Hakupiga kelele. Aliinama mbele na kumwambia kwa sauti ya chini, "Sakafu hii niliisugua nikiwa na mimba ya mke wako," na machozi yakamtoka, na kamasi, na mdomo wake ukaanza kutetemeka bila yeye kuutuma. Kamera haikuona hata chozi moja, maana ilikuwa imempa mgongo. Brant ndiye aliyeona. Uso wake mzuri ule ukapasuka, akasahau ni kijana mzuri, akalia kama mtoto aliyefumwa amefanya jambo baya. Maren akataka mara ya tano, na ya sita, na ya saba, akaendelea hadi ya kumi. Verlene akatoa mara saba, kila mara mpya. Mama anayeshika muswada alisahau kuandika.

Walipomaliza, Maren alimkumbatia Brant. Verlene alikuwa anafuta pua kwa aproni ya Ernestine.

"Jamani," Gil akatangaza, "Brant Hollis amemaliza kazi yake kwenye filamu hii." Ni desturi yao kwamba mwigizaji akimaliza anatangazwa na watu wote wanampigia makofi. Walipiga, wengine wakapiga na miluzi. Brant akambana Verlene bega. "Wewe ni moto, Bi Verlene," akasema, akakipita kiti chake cha mezani na kutoka.

"Anakwenda wapi?" Verlene aliuliza.

"Kwake," alisema Gil.

"Na mimi ninaongea na nani?"

Gil alionyesha chuma kirefu kilichosimamishwa upande wa pili wa meza, chenye msalaba wa tepu ya njano usawa wa macho. "Na huyo. Maneno atakusomea mama wa muswada."

Ndipo akamsogelea Maren akamnong'oneza, na watu wa filamu hunong'ona vibaya, kwa sababu siku nzima wanapiga kelele. "Yule mama tunaye kwenye picha ya upana. Saa kumi na moja inagonga, watu wana masaa kumi na mbili hapa. Uso wake si lazima. Mhariri atajua la kufanya."

Verlene alisikia kila neno. Alijua mhariri angefanya nini. Angeweka uso wa Brant unaolia, na mbele yake bega, nywele, na sikio moja lenye hereni. Ernestine Poole, mwanamke wa kwanza mwenye jina katika maisha yake yote ya kazi, angekuwa kisogo kama wenzake kumi na tisa. Aliinuka pale kwenye kigoda, akaizunguka meza, akaketi kwenye kiti cha Ernestine, akaweka mikono miwili juu ya meza.

"Mrudisheni," alisema.

"Bi Verlene, ameshaingia kwenye gari."

"Magari yanageuka."

"Mkataba wake umekwisha dakika sita zilizopita. Siwezi."

"Basi nitamsubiri kesho."

"Hakuna kesho. Jiko hili linavunjwa saa moja asubuhi."

"Basi wanivunje pamoja na ukuta."

Mtu mmoja kwenye taa alicheka, akaona hakuna anayecheka, akanyamaza. Tavita, msaidizi wa kamera wa filamu ile, alikuwa amesimama na kibao chake, macho makavu, akimtazama Gil kwa namna iliyomfanya Gil aamue kuangalia saa. Mafundi wawili waliokuwa wameanza kukunja nyaya waliziacha. Verlene hakupandisha sauti. "Nimempa yule mtoto mara saba," alisema. "Nilikuwa na haki ya kumpa moja na kwenda kunywa chai. Sasa nanyi mtanipa yangu. Geuzeni kamera."

Maren Oakes alikuwa na miaka thelathini na moja na hakuwahi kuambiwa "geuzeni kamera" na mwigizaji. Uso ulimwiva. Lakini aibu nayo ilikuwepo, Mungu ambariki. "Geuzeni," alisema. "Tuna dakika ishirini."

Waligeuza katika dakika kumi na mbili, rekodi ya kazi ile. Tavita mwenyewe aliirekebisha taa ya pembeni, ingawa haikuwa kazi yake, kwa sababu alijua uso ule unatakaje. Kibao kikagongwa. Mama wa muswada akasoma maneno ya mkwe kwa sauti ya mtu anayetangaza treni. Verlene aliutazama msalaba wa tepu, akafika kwenye sakafu na mimba, akatafuta machozi.

Hayakuwepo. Alikuwa mkavu kabisa. Alikunja uso, akaminya, akajisikia anaminya, na hakuna jambo baya kwa mwigizaji kama kujisikia unaminya. Lucius alikuwa amesema kweli na jambo hilo lilimchoma kuliko yote. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa kimeondoka ndani ya gari la Brant Hollis, kikielekea nyumbani.

"Kata," alisema Verlene.

Ghala zima likaganda. Neno lile ni la mwongozaji peke yake. Mwigizaji anaweza kutapika, kuanguka, kusahau jina lake, lakini hasemi "kata". Verlene alikuwa ameshawatoa wanafunzi nje kwa kosa hilo hilo. Gil alifungua mdomo, Maren akamnyooshea kidole anyamaze.

"Ondoeni chuma hicho," Verlene alisema. "Na mama, asante, usinisomee. Kiacheni kiti kitupu. Ameondoka, basi ameondoka."

Kibao kikagongwa mara ya pili, zikiwa zimebaki dakika nne. Verlene alikitazama kiti kitupu. Hakutafuta machozi tena. Alisema maneno ya Ernestine kwa mtu aliyechukua alichotaka na kwenda zake, na kila palipokuwa na maneno ya mkwe aliuacha ukimya uyaseme. Alipofika kwenye sakafu, alitabasamu. Tabasamu lile lilikuwa baya kuliko kilio chochote. Fundi mmoja wa taa alisogea nyuma hatua moja. Mwisho aliichukua karatasi ya mauzo, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikicheza, akaijaribu meza kwa mkono. Ikatulia. Hilo halikuandikwa na mtu.

Maren alichelewa kusema "kata."

Watu wakaanza kukimbilia nyaya, maana saa ilikuwa imekwisha, na Gil akasahau kumtangaza. Verlene alisimama katikati ya jiko, akafungua aproni.

"Jamani," alisema kwa sauti ya mahakamani, "Verlene Askew amemaliza kazi yake kwenye filamu hii. Pigeni makofi."

Wakaacha nyaya wakapiga. Tavita alipiga kibao badala ya mikono, mpaka kikalegea bawaba.

Filamu ilitoka baada ya mwaka na ushei. Verlene aliwachukua wanafunzi wake kumi na wanane, na Tavita, na Lucius aliyevaa suti, wakaenda kuitazama Jumamosi asubuhi kwenye sinema iliyo jirani na chuo. Jiko lilipotokea, Lucius alimshika mkono. Ikaja picha ya upana, na Verlene mezani, uso mdogo kama kifungo cha shati. Baadaye ukaja uso wa Brant. Ukakaa. Sauti ya Verlene ikasema habari ya sakafu na mimba, na uso wa Brant ukapasuka vizuri ajabu, na mbele yake palikuwa na bega, na nywele, na hereni. Verlene alisubiri. Alisubiri mpaka Brant akatoka mlangoni na filamu ikahamia ufukweni, ndipo akaelewa kwamba hakuna kingine kinachokuja. Tabasamu halikuwemo. Karatasi chini ya meza haikuwemo.

Nje, kwenye eneo la magari, wanafunzi walisimama wakimzunguka. Mmoja wao, Rigoberto, dereva wa basi mwenye moyo mwema na ulimi usio na breki, alisema, "Lakini yule jamaa analia vizuri, Jaji."

"Analia vizuri kwa sababu nilimliza," alisema Verlene.

"Anti, wameitupa," Tavita alisema. "Mimi nilikuwepo. Niliiona. Wameitupa ile."

"Sasa Jaji, safari nyingine si utabana kidogo?" aliuliza Rigoberto. "Nauliza tu."

Verlene alimgeukia Rigoberto. Aliumia, na sitaki mtu adhani hakuumia; miaka thelathini na mitano ya kazi sasa, na alikuwa ametoka mle ndani akitaka kumpiga mtu. "Wewe ukiona mwenzako kwenye zamu ya mchana ameegesha vibaya," alisema, "zamu yako unaendesha basi vibaya?"

"Hapana, mama."

"Haya." Akaingia kwenye gari, akapandisha vioo vyote, akapiga ukelele mmoja mrefu uliosikika nje vilevile. Lucius aliingia upande wa pili, akafunga mkanda.

"Sitasema," alisema Lucius.

"Usiseme."

"Sijasema."

Miezi miwili baadaye Paulette alipiga simu. "Kuna kazi. Ni jaji, usinikatie simu. Ni Brant Hollis aliyekuomba, kwa jina lako kamili. Anatakiwa alie mahakamani, wamejaribu waigizaji watatu mbele yake na hatoi kitu. Amewaambia analia tu ukiwa wewe pembeni ya kamera."

"Kwa hiyo ninakwenda kumliza."

"Ukitaka kuliweka hivyo, ndiyo."

Verlene alikuwa anakatakata bamia. Aliendelea kukata mpaka ya mwisho. "Mwambie aje kwanza darasani kwangu, Jumamosi, saa mbili asubuhi. Ninapigwa picha mimi. Yeye atakaa pembeni ya kamera anipe maneno. Hatapigwa hata ukucha. Na haondoki."

"Verlene, huyo ni Brant Hollis."

"Najua ni nani. Nimekaa naye uso kwa uso mara kumi."

"Na asipokuja?"

"Akatafute kitunguu."

Kurasa nne za Ernestine zilikuwa mali ya studio, na Verlene hakuwa mwizi, kwa hiyo aliandika zake mwenyewe. Mwanamke mwingine, jina lake Corinthia Dupree, na kijana mwingine aliyekuja kumtoa kwenye nyumba nyingine. Lucius aliileta meza ya jikoni kwao juu ya gari la jirani. Wanafunzi walipaka rangi ukuta mmoja wa darasa. Ijumaa hakuna aliyeamini kwamba Brant Hollis angekuja, na Rigoberto aliweka dau la chakula cha mchana kwamba hatakuja.

Alikuja saa mbili na dakika ishirini, kahawa mkononi, dereva wake nyuma.

"Umechelewa," alisema Verlene kutoka mezani. "Kiti chako ni kile. Simu mpe Tavita."

Brant alicheka kidogo, akaona Verlene hacheki, akatoa simu. Akaketi. Kwa mazoea yake, bila kujua anafanya nini, alijisogeza mpaka taa ikamwangukia shavuni vizuri. Tavita akaizima ile taa.

Mara ya kwanza alisoma orodha ya vyakula tena. Verlene alimsubiri tu, Rigoberto akiwa kwenye kamera na jasho likimtoka. Mara ya pili Brant aliiweka kahawa sakafuni. Mara ya tatu alivuta kiti mbele mpaka magoti yakagusa miguu mitatu ya kamera, na alipomwambia Corinthia Dupree kwamba hana mahali pengine pa kumpeleka, chozi lilimdondoka, na hakuna kamera iliyomtazama, hakuna mtazamaji ambaye angeliona chozi lile maisha yake yote. Alilitoa bure. Verlene alilipokea, na uso wake, uliomulikwa na watu wanaojua kumulika, ukajibu. Hakulazimika kutafuta kitu. Kulikuwa na mtu upande wa pili. Ilimchukua miaka thelathini na mitano kufika kwenye dakika ile, na alikaa ndani yake bila haraka.

Rigoberto alipozima kamera alikuwa analia waziwazi. Ilikuwa saa nne na nusu. Brant alisimama, akajifuta macho kwa kiganja, akazunguka meza akamshika Verlene mikono yote miwili.

"Sijawahi kufanya hivi," alisema. "Sikujua. Nisamehe kwa siku ile, Bi Verlene. Kweli, nisamehe."

"Nimekusikia."

"Basi, niwaache mwendelee." Akanyoosha mkono kwa Tavita achukue simu. Mlangoni dereva alikuwa ameshatoa funguo.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Verlene.

"Si umemaliza?"

"Mimi nimemaliza. Wao bado."

Brant aligeuka. Wanafunzi kumi na wanane walikuwa wamesimama ukutani, kila mmoja na kurasa nne mkononi, wamezishika kifuani. Mzee aliyetoka jela baada ya miaka ishirini alikuwa amevaa tai. Walimtazama tu, watu ambao sheria ya chumba kile waliijua kwa kichwa, wakitaka kuona atafanya nini.

"Wote?" alisema Brant.

"Wote wana nyuso," alisema Verlene.

Brant alimtazama dereva, akamtazama Tavita aliyekuwa ameshika simu yake bila dalili ya kuirudisha, akautazama mstari wote tangu mwanzo hadi mwisho. Akarudi akakaa. Verlene akainuka mezani, akavuta kiti kingine akakiweka kando ya kile cha Brant, pembeni ya kamera, akaketi, akaita jina la wa kwanza.